Kupanda mche wa mchungwa nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia shimo hadi tunda la kwanza

Mchungwa wangu wa kwanza uliishi miezi 14. Nilichimba shimo la futi mbili kila upande kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo, nikamwaga samadi chini, nikashusha mche, nikaurudishia udongo mpaka shingoni na kuukanyaga kwa kisigino ili usimame imara. Mvua ziliponyesha udongo ukadidimia, nami nikaongeza mwingine juu. Mche ukadumaa. Majani yakageuka manjano. Nikazidisha maji, nikazidisha mbolea. Siku niliyoung'oa, ganda la shina lilivuka mkononi kama soksi iliyolowa, na ndani palinuka matope ya mtaroni. Mizizi ilikuwa bado imejikunyata kwa umbo lilelile la kiriba (mfuko wa plastiki wa kitaluni) nilichoununulia.

Kwa ufupi, niliuzika. Tangu hapo nimepanda michungwa mingine kadhaa, na ningeombwa ushauri mmoja tu ningesema: panda juu. Mengine yote yana nafasi ya kusahihishwa baadaye, lakini mche uliopandwa chini mno hausahihishiki kirahisi. Nitazungumzia mchungwa, ila mlimau, mdimu, mchenza na mbalungi hupandwa kwa njia hiyohiyo.

Kuchagua mche

Chukua mche uliobebeshwa. Utautambua kwa kovu au kifundo kwenye shina, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30 kutoka usawa wa udongo, mahali ambapo shina hupinda kidogo au ganda hubadilika rangi. Chini ya kovu hilo kuna shina la mti mwingine, uliochaguliwa kwa ajili ya mizizi yake. Juu ya kovu ndiko kuna chungwa unalolitaka. Mche wa namna hii huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, ingawa mavuno ya kujivunia huja mwaka wa nne au wa tano.

Mbegu je? Mbegu ya chungwa ina kituko chake: ukipanda moja, mara nyingi huchomoza vimche viwili au vitatu. Baadhi yao havitokani na uchavushaji, vinatokana na chembe za mti mama wenyewe, kwa hiyo ni nakala yake. Si kweli basi kwamba mchungwa wa mbegu lazima uzae tunda lisiloeleweka. Tatizo lake ni muda, maana unaweza kusubiri miaka 6, 8 au zaidi, huku mti ukiota miiba mirefu kama sindano za magunia. Tena utakuwa umekosa kinga inayotoka kwenye shina la chini.

Kuhusu shina hilo la chini, muulize mwenye kitalu ni la mti gani. Limau kali, lile lenye ganda la manundu, huvumilia ukame na udongo wa kichanga, lakini halipendi maji yaliyotuama. Mdanzi, yaani mti wa machungwa machungu, hustahimili kuoza kwa shina, ila mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi huuawa na virusi vya tristeza vinavyosambazwa na vidukari. Mwenye kitalu akishindwa kabisa kujibu swali hili, mimi huenda kwingine.

Kisha kagua mche wenyewe. Usidanganywe na urefu. Mche wa sentimita 60 wenye shina nene kama kidole cha mwisho unaushinda ule wa mita moja na nusu uliorefuka kutafuta mwanga. Majani yawe ya kijani kilichokolea, yasiwe na vipele wala mabaka ya manjano. Ukiona mche mdogo wenye tunda linaloning'inia, usiuonee fahari: nguvu ambazo zingejenga mizizi zimekwenda kwenye tunda. Mwisho inua kiriba uangalie chini. Kijizi kimoja au viwili vikichungulia si neno. Mzizi mnene uliotoboa plastiki na kujizungusha unaonyesha kwamba mche umekaa kitaluni muda mrefu mno.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa: usisafirishe miche au vikonyo vya kubebeshea vya jamii ya machungwa kutoka mbali bila kuuliza. Nchi nyingi zinadhibiti usafirishaji huo, na sababu yake nitaifikia kwenye magonjwa.

Mahali na wakati

Mchungwa unataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Chini ya mti mwingine utaota, utakuwa na majani mazuri, na hautakupa kitu. Acha mita 5 hadi 6 kati ya mchungwa na mchungwa. Mdimu na mchenza waweza kuachiwa mita 4 au 5. Kutoka ukutani acha mita 3. Najua mche ukiwa na urefu wa goti nafasi hiyo huonekana ya kipuuzi.

Epuka pale ambapo maji ya kufulia yamekuwa yakimwagwa kwa miaka. Michungwa haivumilii chumvi, na sabuni za unga huacha chumvi nyingi ardhini. Epuka pia katikati ya majani ya ukoka. Mizizi inayokula ya mchungwa iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza, na ukoka hunywa na kula palepale.

Udongo unaofaa ni tifutifu usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7. Lakini kabla ya kuwaza pH, pima jinsi maji yanavyopita. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, acha yazame yote. Jaza mara ya pili, simamisha kijiti ndani na uweke alama kwenye usawa wa maji. Baada ya saa moja rudi uangalie. Yakiwa yameshuka sentimita 3 au zaidi, endelea bila wasiwasi. Yakiwa hayajashuka hata kidogo, au ukilala ukaamka ukayakuta, hapo usichimbe shimo kabisa: utapanda juu ya tuta, nami nitaeleza.

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, udongo ukiwa umelowa kwenda chini lakini haunati kwenye jembe. Wenye maji ya bomba ya uhakika wanaweza kupanda karibu wakati wowote, mradi wakwepe wiki za jua kali kupita kiasi. Penye baridi ya jalidi, subiri ipite yote, kwa sababu majani machanga huungua joto likishuka chini ya sifuri kidogo tu.

Shimo

Sasa tumefika penye ubishi. Shimo la futi mbili lililojazwa samadi limefundishwa kwa vizazi, na ukimwambia mzee aliyepanda miti maisha yake yote kwamba si lazima, atakutazama kwa huruma. Hoja yake si ya bure: penye tabaka gumu kama saruji sentimita 30 chini, mizizi inahitaji kufunguliwa njia. Kinachosahaulika ni kwamba udongo uliochimbuliwa hudidimia, na samadi ikioza hupungua ujazo. Mche uliosimama juu ya vitu hivyo viwili hushuka navyo. Uliupanda usawa wa ardhi, baada ya mvua za kwanza uko sentimita 8 chini, ndani ya kidimbwi, na ganda la shina linalowa kila siku. Vimelea vya Phytophthora, vinavyoozesha shina na mizizi, ambao wanaishi katika udongo mwingi na husafiri ndani ya maji, hawahitaji zaidi ya hapo.

Shimo ninalochimba siku hizi ni pana na fupi. Upana wake ni mara mbili au tatu ya kiriba. Kina chake ni urefu wa kiriba ukitoa sentimita 3 hadi 5. Kwa kiriba cha sentimita 30, shimo linakuwa na kina cha sentimita 26 hivi na upana wa 70 au 80. Sehemu ya chini usiitifue, bonge la udongo wa mche likae juu ya ardhi ambayo haijaguswa. Udongo wa juu ulio mweusi uweke upande mmoja, ule wa chini upande mwingine.

Katika udongo wa mfinyanzi jembe huacha kingo zimelainika kama ndani ya chungu, na mizizi ikifika hapo hugeuka na kuanza kuzunguka. Zikwaruze kingo hizo kwa ncha ya panga au uma wa bustani mpaka zipasuke.

Ikiwa una lile tabaka gumu, au shimo la futi mbili umeshalichimba, si hasara. Vunja chini kwa sururu, rudisha udongo bila samadi mbichi, umwagilie maji mengi, kisha liache shimo lilale wiki 3 au 4, au msimu mzima wa mvua ukiweza. Likishadidimia ndipo uchimbe shimo dogo la kupandia katikati yake.

Na kwenye maji yanayotuama, pandisha tuta. Tifua eneo la mita moja na nusu, changanya udongo wa jirani na mboji kidogo, kisha inua kilima chenye mteremko mpole, kimo chake sentimita 30 hadi 45. Mche unapandwa kileleni. Tuta hukauka haraka kuliko ardhi tambarare, kwa hiyo mwaka wa kwanza litakudai maji mara kwa mara.

Kupanda

Mwagilia mche saa mbili tatu kabla, bonge la udongo lishikamane. Fanya kazi jioni au siku ya mawingu. Kisha:

1. Laza kiriba ubavuni, kichane kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukivue kama unavyomvua mtoto shati. Usiuvute mche kwa shina. Plastiki yote itoke, hata kile kipande cha chini ambacho watu huacha kwa uvivu.

2. Kagua mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa; ya kahawia inayovuka ganda ukiivuta imeoza, ikate. Parura ubavu wa bonge kwa vidole, sentimita mbili hivi, mpaka ncha za mizizi zitazame nje. Mzizi unaozunguka ukate kwa mkasi mkali bila huruma.

3. Tafuta shingo halisi ya mche. Vitaluni mara nyingi udongo umerundikwa juu ya mizizi ya kwanza, hivyo unachokiona juu ya kiriba kinaweza kisiwe mwanzo wa mizizi. Futa udongo taratibu kwa kidole mpaka uone mzizi wa juu kabisa unapoachana na shina. Kipimo chako cha kina kinaanzia hapo.

4. Weka mche shimoni, kisha laza fimbo iliyonyooka kutoka ukingo mmoja wa shimo hadi wa pili, ikigusa shina. Juu ya bonge pawe juu ya fimbo kwa sentimita 3 hadi 5. Pakiwa chini, toa mche, rudisha udongo kidogo na uushindilie sawasawa, upime tena. Mimi hupima mara tatu. Hii ndiyo hatua iliyoniulia mche wa kwanza. Kiungo cha kubebeshea kibaki sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi. Kikizikwa, sehemu ya juu inaweza kuota mizizi yake yenyewe, na faida ya shina la chini ikawa imepotea.

5. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, ule mweusi ukitangulia kuzunguka mizizi. Ukifika nusu, mwaga ndoo ya maji na uache yazame. Maji ndiyo yanayoziba mianya ya hewa. Kisigino hakina kazi hapa zaidi ya kubana udongo. Jaza iliyobaki, lakini usifunike juu ya bonge. Udongo uteremke kutoka bonge kwenda nje.

6. Tengeneza kisahani: ukingo wa udongo wa kimo cha sentimita 10, ukiuzunguka mche kwa nusu mita kutoka shinani. Ndani yake mwaga lita 15 hadi 20, polepole.

Penye upepo, chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande nje ya bonge, na ufunge shina kwa kitambaa laini kwa mtindo wa namba nane, kikiwa kimelegea. Mche unaoyumba kidogo hunenepa shina, uliobanwa kabisa huwa mdebwedo. Mwaka mmoja ukipita, toa.

Mahali pa jua kali, paka shina rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Ganda changa la mchungwa huungua na jua mpaka likapasuka, na kwenye mipasuko ndiko magonjwa yanapopenya. Rangi ya mafuta usiiguse.

Mwaka wa kwanza

Maji kwanza. Wiki 2 za mwanzo mwagilia kila baada ya siku 2 au 3, kisha mara moja au mbili kwa wiki kulingana na mvua. Kalenda si mwalimu mzuri wa jambo hili. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili: ukihisi unyevu, ahirisha. Lita 20 mara moja zinafika chini na kuita mizizi ishuke. Lita 2 kila jioni hulowesha vumbi tu. Majani yanayojikunja asubuhi na mapema yanalia kiu. Yanayojikunja saa nane mchana yakanyooka jioni hayajambo.

Matandazo ya nyasi kavu au majani makavu yatandaze kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, yakiacha duara tupu la sentimita 15 hadi 20 kuzunguka shina. Nasisitiza hilo duara. Rundo linalogusa shina hurudisha kosa lilelile la kuzika kwa mlango wa nyuma. Magugu ndani ya kisahani ng'oa kwa mkono, kwa kuwa jembe linakata mizizi ya juu.

Mbolea isubiri mpaka uone machipukizi mapya, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Hapo tandaza samadi iliyoiva, ile isiyonuka tena, nusu ndoo juu ya udongo. Anayetumia ya dukani anaweza kuweka gramu 40 hadi 50 za CAN (mbolea ya naitrojeni) kila baada ya miezi 3, ikitawanywa kwenye duara mbali na shina na kufuatiwa na maji. Mche wa mwaka wa kwanza hauhitaji zaidi.

Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yatoe yangali laini, kwa kuyakwanyua kwa kidole gumba. Ni ya ule mti wa mizizi, yana nguvu kuliko mchungwa wako, na yakiachwa miaka miwili utajikuta unafuga limau kali. Zaidi ya hayo usipogoe, ila tawi lililokufa au yanayosuguana. Kila jani lina kazi ya kulisha mizizi.

Wadudu, na majani yanayozungumza

Siku moja utaona kinyesi cha ndege juu ya jani changa, cheusi chenye doa jeupe. Kiguse kwa kijiti. Kikitoa pembe mbili za rangi ya machungwa na harufu kali, ujue ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa. Akikua hugeuka kijani, na anaweza kuula mche mdogo mzima ndani ya siku chache. Dawa haihitajiki, mtoe kwa mkono, kisha angalia chini ya majani kama kuna vijiyai vya manjano, kimoja kimoja.

Michoro ya rangi ya fedha inayojipinda juu ya jani changa ni ya mdudu anayechimba ndani ya jani. Inaudhi macho kuliko inavyodhuru mti, mimi huiacha. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani usiwalaumu wao kwanza: wamefuata maji matamu ya vidukari au wadudu gamba, na wanawalinda kama wachungaji. Vidukari uwapige kwa maji yenye shinikizo au maji ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kidogo, uyanyunyize jioni.

Rangi ya manjano ina lugha zaidi ya moja. Majani ya zamani yakififia yote sawasawa, mti una njaa ya naitrojeni. Majani mapya yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, chuma hakipatikani, mara nyingi kwa sababu pH iko juu au maji yamezidi. Lakini jani lenye mabaka yasiyolingana, upande mmoja wa mshipa wa kati tofauti na wa pili, na tawi moja likinyauka huku mengine yakiwa mazima, hilo ni la kuogopa. Linaweza kuwa huanglongbing, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na pia kwa vikonyo vilivyoambukizwa. Hauna tiba. Ndiyo maana nchi zinazuia miche kuhamahama. Mwite afisa kilimo auone kabla hujakata chochote, wala usichukue kikonyo kutoka mti huo kumpa jirani.

Maua ya kwanza

Huenda mche ukachanua ungali na urefu wa kiuno. Miaka miwili ya kwanza toa vitunda vyote vikiwa sawa na punje ya mbaazi. Najua inauma, ukishindwa kabisa, acha kimoja kwa ajili ya roho yako. Baadaye mti ukiwa mkubwa utashtuka kuona vitunda vikimwagika chini vyenyewe. Usikimbilie dawa, kwa sababu mchungwa huchanua maua mengi mno na hubakiza sehemu ndogo sana.

Tunda la kwanza la kweli likija, usilihukumu kwa rangi. Ganda hugeuka la rangi ya machungwa pale tu usiku unapokuwa na ubaridi. Penye joto mwaka mzima chungwa lililoiva hubaki kijani. Nalo haliivi likishachumwa, hata ulifukie majivuni. Kata moja kwa mkasi, ukiacha kikonyo kifupi, ulionje. Likiwa kali, yaliyobaki yaache mtini wiki mbili, kisha onja lingine.